Kihisi Kikidanganya Angani: Kusoma Dalili na Kuamua Kugeuza Safari

Kioo cha geji cha rubani wa kushoto kinasoma kasi ya noti 250 (maili 250 za baharini kwa saa), cha kulia 290. Herufi tatu za manjano, IAS, onyo kwamba kasi zinazosomwa hazilingani, zimejitokeza kwenye vioo vyote viwili. Otopailoti, mtambo unaoirusha ndege bila mkono wa rubani, imejikata na king'ora chake kinalia. Ndege yenyewe, ukiitazama vizuri, haijafanya kitu. Pua iko palepale, mabawa yamelala sawa, injini zinavuma kama zilivyokuwa zikivuma dakika iliyopita.

Shika picha hiyo. Kihisi kikiharibika, kinachobadilika kwanza ni habari. Ndege hubadilika baadaye, na mara nyingi anayeibadilisha ni rubani, au kompyuta, aliyeiamini habari mbovu.

Haya nayaandika kwa wanaorusha jeti ndogo za biashara, marubani wawili mbele na abiria wachache nyuma. Namba kamili ziko kwenye kitabu cha dharura cha ndege yako, na makala hii haikai mahali pa kitabu hicho. Ninachotaka ni tuzoee kuzihoji geji kama mashahidi. Kila moja inachota wapi habari zake? Na hizo mbili zinazokubaliana, ni mashahidi wawili kweli, au ni mmoja anayesema kwa midomo miwili?

Kabla ya kumtafuta mwongo

Mmoja arushe, mwingine ahoji. Anayerusha ashike usukani, akate otopailoti na otothroto (mtambo unaoweka nguvu ya injini bila mkono wa rubani) kama havijajikata vyenyewe, kisha aweke pua na nguvu ya injini kwenye namba anazozijua kwa moyo. Jeti nyingi zikiwa safarini, juu na bila kupanda, hukaa na pua juu nyuzi 2 au 3 hivi. Pua ikiwa hapo na nguvu ikiwa ile ya safari, kasi haiwezi kuwa mbaya, hata kioo kiseme nini. Kipimo cha mkao wa ndege hakitegemei hewa inayoingia kwenye bomba, na ndiyo maana tunakiegemea.

Tarehe 1 Juni 2009, Airbus A330 ya Air France, safari namba 447, ilikuwa juu ya Atlantiki kwenye futi 35,000 pale chembe za barafu zilipoziba mabomba yake ya Pitot, yale yanayopima kasi kwa hewa ya mbele. Kasi ilipotea kwa muda usiofika dakika moja. Otopailoti ikakatika, usukani ukavutwa nyuma, ndege ikapanda karibu futi 38,000, ikaingia kwenye stoli, hali ya mabawa kushindwa kuibeba ndege, na haikutoka tena. Watu 228 walikufa. Mabomba yaliyeyuka barafu na kusoma tena vizuri ndege ikiwa bado angani. Kama pua na nguvu vingeachwa vilipokuwa, usiku ule ungepita kama tukio la kuandikwa kwenye daftari.

Dalili: kasi mbili hazilingani

Hii ndiyo ya kawaida kuliko zote, na ndiyo yenye mengi ya kusomwa, kwa hiyo tukae nayo.

Bomba la Pitot lina tundu la mbele linalopokea hewa ya mwendo, na kitundu kidogo cha kutolea maji. Namna geji inavyodanganya hutegemea ni tundu lipi limeziba. Likiziba la mbele peke yake, presha hutoka polepole kupitia kile kitundu na kasi hushuka kuelekea sifuri. Hiyo ni rahisi kuitambua, maana hakuna jeti inayoruka kwa noti 40. Yakiziba yote mawili, presha hubaki imefungiwa ndani, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu geji ya kasi hugeuka kuwa aina ya altimita, yaani kipimo cha urefu. Ukipanda, kasi inapanda. Ukishuka, inashuka. Ukiongeza nguvu bila kubadili urefu, haisogei hata kidogo.

Fikiria rubani anayepanda na kioo kinamwambia anazidi kasi. Anavuta pua juu ili apunguze, kasi inaongezeka zaidi, anavuta tena. Boeing 757 ya Birgenair iliyoondoka Puerto Plata tarehe 6 Februari 1996 ilikufa kwa namna hiyo, na watu 189 waliokuwa ndani. Ilikuwa imekaa chini siku kadhaa bila vifuniko vya Pitot, na wachunguzi walimshuku nyigu anayejenga kiota cha udongo. Mle ndani kengele ya kuzidi kasi na mtikisiko wa usukani unaoonya stoli vilikuwa vikipiga kwa pamoja. Ukiwahi kukutana na hivyo viwili pamoja, jua kwamba kengele ya kasi inachota kwenye Pitot, wakati mtikisiko unachota kwenye kijibawa cha pembeni kinachopima pembe ya bawa dhidi ya hewa. Ni visima viwili tofauti. Rudi kwenye pua na nguvu, na mtikisiko uuchukulie kuwa kweli mpaka mkao wa ndege ukuthibitishie vinginevyo.

Sasa kuhoji. Soma kushoto, kulia na geji ya akiba kwa sauti, kwa mpangilio huo, na mwenzako aandike. Angalia hita za Pitot kama zinafanya kazi na kama kuna ujumbe wa hita iliyokufa. Tazama halijoto ya nje na wingu ulilomo. Kisha chukua kasi ya GPS juu ya ardhi na uilinganishe na upepo. Hapo kuna mtego. Upepo unaoonyeshwa na kompyuta ya safari unakokotolewa kutokana na kasi ileile unayoitilia shaka, kwa hiyo tumia upepo uliousoma kabla ya hitilafu, au ule wa kwenye utabiri.

Kura ya wawili dhidi ya mmoja inasaidia, lakini usiiabudu. Tarehe 27 Novemba 2008, karibu na Perpignan, Ufaransa, Airbus A320 iliyokuwa kwenye safari ya majaribio ilikuwa na vihisi viwili vya pembe ya bawa vilivyoganda. Maji yalikuwa yameingia ndani yake ndege ilipooshwa kabla ya kupakwa rangi. Vyote viwili viliganda kwenye usomaji unaolingana. Cha tatu kilikuwa kizima, na kikashindwa kura. Watu 7 walikufa.

Swichi ya kubadili chanzo cha data ya hewa nayo ina lake. Kwenye simuleta nimewaona marubani wazuri wakiibonyeza, zile herufi za manjano zinazimika, na mabega yao yanalegea. Lakini vioo vimekubaliana kwa sababu sasa vyote vinasoma kompyuta moja. Kama umechagua iliyo mbovu, umejinyima onyo na umewapa watu wote wawili uongo uleule. Kwa hiyo amua kwanza kipi ni kizima, sema sababu yako kwa sauti, mwenzako akubali, ndipo ubonyeze. Baada ya hapo endelea kutupia jicho geji ya akiba, ambayo kwenye jeti nyingi ina bomba lake yenyewe.

Dalili: altimita imeganda, kasi inapotoka kinyume

Hapa shuku matundu ya stetiki, yale madogo ya ubavuni yanayosoma presha ya hewa iliyotulia. Yakiziba, altimita husimama, geji ya kupanda na kushuka hukaa sifuri, na kasi husoma pungufu ukipanda na kuzidi ukishuka. Linganisha na Pitot iliyoziba kabisa. Mielekeo yake ni ya kinyume, na tofauti hiyo pekee mara nyingi inatosha kukuonyesha chanzo. Kama ndege yako ina chanzo mbadala cha stetiki, kifungue.

La kukumbuka kuliko yote ni hili. Usimuulize mwongoza ndege urefu wako ukadhani umepata shahidi mpya. Urefu anaouona kwenye skrini yake unatumwa na transponda yako, redio inayoijibu rada, na transponda inausoma kwenye kompyuta yako ileile. Tarehe 2 Oktoba 1996, Boeing 757 ya Aeroperú ilitoka Lima usiku ikiwa na utepe juu ya matundu ya stetiki, uliosahauliwa baada ya ndege kusafishwa. Marubani waliomba urefu kutoka chini, wakaambiwa futi 9,700, na kioo chao kikakubaliana na jibu hilo. Ndege iligusa bahari. Watu 70 walikufa. Aliyekuwa akisema kweli mle ndani ni mtambo wa kuonya ukaribu na ardhi, kwa sababu unatumia redio altimita, ambayo hutuma wimbi chini na kupokea mwangwi wake bila kuhitaji hewa. Mashahidi wako wa kweli juu ya urefu ni huo, unaofanya kazi chini ya futi 2,500, pamoja na GPS. Urefu wa GPS unaweza kutofautiana na wa presha kwa mamia ya futi, hata zaidi ya elfu moja ukiwa juu sana. Unafaa kukuepusha na milima, haufai kukutenganisha na ndege nyingine.

Kutengana nako kusisahaulike. Kati ya futi 29,000 na 41,000 ndege hupishana kwa futi 1,000 tu, na ruhusa ya kuwa humo inadai mifumo miwili huru ya kupima urefu, onyo la urefu, na otopailoti inayoshikilia urefu. Ukipoteza kimojawapo, mwambie mwongoza ndege mara moja, kwa maneno ya redio yaliyokubaliwa duniani kote, "unable RVSM due equipment", yaani kwa sababu ya vifaa huwezi tena kupishana kwa futi 1,000. Mfumo wa kuepusha migongano nao unategemea urefu huohuo, kwa hiyo ule wa jirani yako angani pia unadanganywa.

Dalili: usukani unatikisika upande mmoja tu

Kijibawa kinachopima pembe ya bawa dhidi ya hewa kimekwama, kimepinda kwa kugongwa na ndege mnyama, au waya wake umeharibika. Mara nyingi huanza pale pua inaponyanyuka kwenye njia ya kurukia, na kasi au urefu wa upande huo unaweza kupotoka pia, kwa sababu kompyuta husahihisha data ya hewa kwa kutumia pembe hiyo. Angalia pua, nguvu, na upande wa pili.

Jeti nyingi za biashara zenye mkia wa herufi T zina kisukuma usukani, mtambo unaoisukuma pua chini kwa nguvu stoli inapokaribia. Kihisi kibovu kinaweza kuuamsha ukiwa futi 800 juu ya ardhi. Ujue kabla ya kuondoka kitufe cha kuukata kiko wapi, na mkono uweze kukifikia bila macho. Ajali za Boeing 737 MAX za tarehe 29 Oktoba 2018 na 10 Machi 2019, zilizoua watu 346, zilianza kwa kihisi kimoja cha pembe kuiamuru programu ya kusukuma pua chini tena na tena.

Dalili: ujumbe wa trimu umewaka, otopailoti bado inashikilia

Huu ni ugonjwa wa jeti ndogo hasa, na mfano wake ni wa karibuni. Tarehe 3 Machi 2023, Bombardier Challenger 300 yenye watu watano ilikuwa Keene, New Hampshire, ikielekea Leesburg, Virginia. Wakati wa kukimbia ili kupaa, kasi ya kulia haikulingana na ya kushoto, marubani wakasimamisha. Mmoja alishuka na kuondoa kifuniko chekundu kilichosahauliwa kwenye bomba la Pitot la kulia. Ulibaki ujumbe wa kikomo cha usukani wa mkia. Wakaondoka nao. Katika kupanda zikafuata jumbe za trimu, mfumo wa mkia unaoiweka pua bila rubani kukaza usukani, moja ikisema otopailoti imeshikilia pua chini. Walifuata orodha waliyoichagua, wakazima swichi ya trimu ya mkia, otopailoti ikaachia, na pua ikaruka juu, ikaanguka, ikaruka tena. Vipimo vilivyorekodiwa ni karibu mara 3.8 ya uzito, kisha mara 2.3 kinyume, kisha 4.2. Abiria mmoja aliumia na baadaye akafa. Ndege ilielekezwa Bradley, Connecticut.

Ninaposoma habari hii moyo wangu unakaa kwa yule abiria. Ujumbe ukikwambia otopailoti inashikilia pua chini au juu, elewa kwamba kuna mzigo umefichwa mkononi mwake, na siku ikiachia, mzigo huo ni wako. Basi kabla ya kugusa swichi yoyote ya trimu: wote nyuma wamekaa na mikanda imefungwa, meza na vikombe vimeondolewa, wewe umeshika usukani kwa mikono miwili, miguu imetulia, ndipo mwenzako asome orodha, na mhakikishe wote wawili kwamba ni orodha ya ujumbe uliowaka, neno kwa neno. Na ukiwa bado chini, ujumbe uliobaki baada ya kuzuia kupaa ni sababu ya kurudi kwenye maegesho na kumwita fundi.

Geji za injini na mafuta

Za injini ni nyepesi kidogo. Presha ya oili ikianguka sifuri ghafla wakati halijoto yake na mizunguko ya injini havijasogea, yaelekea kihisi ndicho kilichokufa. Halijoto ikianza kupanda, hitilafu ni ya kweli na kitabu cha dharura ndicho cha kufuata.

Mafuta yanataka hesabu. Uliondoka na paundi 9,000. Kihesabu cha matumizi kinasema umechoma 3,200, kwa hiyo zibaki 5,800. Matangi yanasoma 5,100. Paundi 700 ziko wapi? Andika saa, subiri dakika tano, hesabu tena. Pengo likiwa ni lilelile, na lilijitokeza kwa mruko mmoja, kihisi cha tangi kimekosea. Pengo likikua, mafuta yanamwagika, na usifungue vali ya kuunganisha matangi mpaka ujue yanamwagika upande gani. Airbus A330 ya Air Transat tarehe 24 Agosti 2001 ilikuwa na bomba lililopasuka kwenye injini ya kulia. Marubani walidhani kompyuta imekosea, wakafungua vali, na mafuta mazima yakafuata yaliyokuwa yakivuja. Injini zote zilizima juu ya Atlantiki, na ndege ikateleza kama tiara dakika 19 hadi uwanja wa Lajes, visiwa vya Azores. Wote 306 walipona. Kumwita kihisi mwongo bila ushahidi nako ni kosa, na nusura liwamalize.

Vihisi ambavyo hutakiwi kubishana navyo

Presha ya ndani, moto, moshi, uvujaji wa hewa ya moto. Onyo likilia, unatii kwanza. Kwenye futi 41,000, mtu asiye na oksijeni ana sekunde 15 hadi 20 za akili timamu. Onyo la presha linapolia, barakoa usoni, ndipo maswali. Tarehe 25 Oktoba 1999, Learjet 35 iliyotoka Orlando kuelekea Dallas ilipoteza presha, watu sita wakazimia, na ndege ikaendelea peke yake mpaka mafuta yalipokwisha karibu na Aberdeen, South Dakota.

Taa ya gurudumu isiyowaka ni jambo la kufuata orodha kwa utulivu. Badilisha balbu kama ndege yako inaruhusu, angalia dalili ya pili, tua ukiwa umejiandaa kwa yote mawili.

Kugeuza safari

Sasa uamuzi. Ukishamjua mwongo na kumtenga, je, uendelee? Kwa maoni yangu, ukipoteza uhuru wa mashahidi wako wa kasi au urefu, safari imekwisha. Sababu ni kwamba hitilafu inayofuata, hata ndogo, haitakuwa na cha kuipinga.

Uwanja wa karibu zaidi si lazima uwe ndio unaofaa. Tafuta hali ya hewa safi, chini ya wingu na mbali na barafu, mchana ukiweza. Tafuta njia ndefu, maana utakuja na kasi ya ziada, na kasi ikizidi kwa asilimia 10, breki zinapewa nishati zaidi kwa asilimia 21. Jeti nyingi ndogo haziwezi kumwaga mafuta, kwa hiyo piga hesabu ya uzito wa kutua mapema. Hitilafu ikiwa haiwi mbaya zaidi, kuzunguka nusu saa kwenye anga safi kuna faida. Ikiwa inaendelea kukua, tua na uzito wako na uandike.

Namna ya kukaribia uwanja ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Chagua ILS, mfumo wa redio wa uwanjani unaokuongoza kutua. Mteremko wake ni wimbi linalotoka ardhini na halijui wala halijali altimita yako inasema nini. Njia ya GPS yenye mteremko unaojengwa na altimita ya presha itakushusha sambamba na uongo wako, sindano ikiwa katikati na kila kitu kikionekana kizuri. Kama otothroto yako inasikiliza redio altimita, na redio altimita ndiyo yenye shaka, ikate. Boeing 737 ya Turkish Airlines iliyokuwa ikitua Amsterdam tarehe 25 Februari 2009 ilisoma futi 8 chini ya sifuri upande wa kushoto, otothroto ikaamini ndege imefika chini, ikarudisha nguvu nyuma. Watu 9 walikufa.

Toa PAN PAN, wito wa redio wa hali ya haraka, mapema, weka 7700, namba ya dharura ya transponda, ikibidi, omba uelekezwe kwa rada, omba njia ndefu ya mwisho, omba zimamoto. Sema wazi kwamba urefu unaoonekana kwenye skrini zao si wa kuaminika. Kisha ongea na nyuma. Kwenye jeti ya biashara mwenye safari anakaa mita chache kutoka mabegani mwako, na mkutano wake unausikia shingoni. Mpe taarifa: "Mheshimiwa, baadhi ya vipimo havikubaliani. Ndege inaruka vizuri. Tunatua uwanja mwingine baada ya dakika ishirini na tano. Tafadhali fungeni mikanda na mbaki mmekaa." Imeshaamuliwa, humwombi ruhusa.

Ukishatua

Usizime na kuwasha umeme ili uone kama ujumbe utaondoka. Utaondoka, na ushahidi pia. Kinasa sauti kwenye baadhi ya ndege huhifadhi dakika 30 tu, kwa hiyo kifuate kitabu na ukitenge kabla hakijajifuta. Kwenye daftari la ufundi usiandike "Pitot mbovu". Hiyo ni kazi ya fundi kuigundua. Andika saa, urefu, halijoto ya nje, ulikuwa ndani ya wingu au nje, hita zilikuwa zimewashwa tangu lini, na zile namba tatu mwenzako alizoziandika, kushoto, kulia na akiba, kwa mpangilio wake.